Modemu Chini ya Blanketi

Kila asubuhi ya likizo Chiriku aliifagia karakana ya mama yake kwa uso wa mtu aliyetumwa kusafisha choo cha watu. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, mdomo mwepesi uliompa jina hilo, na dharau iliyowatosha watu wanne. Alizoa vipande vya nyaya, akapanga bisibisi kwa ukubwa, kisha akasimama mlangoni na ufagio wake ili kila mpita njia aone kwamba yeye hahusiki na mambo ya humo ndani.

Mambo yenyewe yalikuwa madishi. Mama yake, fundi wa redio na simu, alikuwa amenunua vifaa vya mawasiliano ya setilaiti kutoka kampuni moja iliyofunga ofisi zake. Kulikuwa na madishi sita mapana kama meza, mabunda ya nyaya, na visanduku tisa vyeusi viitwavyo modemu, ambavyo hutuma na kupokea ishara za setilaiti ili watu waongee hata mahali pasipo na mnara wa simu. Mtaa mzima ulicheka. Msusi wa jirani aliuliza kama yale ni mabeseni ya kuwaogeshea malaika. Mfuga kuku alichukua dishi moja bovu akaezekea banda la vifaranga, na tangu siku hiyo watoto wa mtaani wakamwita Chiriku "binti wa banda".

Chiriku hakuthubutu kuwachukia waliomcheka, kwa hiyo akayachukia madishi. Ndivyo walivyo watu waoga, hukimbilia upande wenye kelele. Kila siku, akiwa pale mlangoni, alimwambia mama yake kwamba hivyo ni vyuma chakavu, takataka tupu, na kwamba watu wenye akili zao hununua vitu vipya. Mama alikuwa amebana skrubu mbili kwa midomo, akaendelea kukaza ya tatu.

Siku moja alikuja Sista, muuguzi wa zahanati iliyokuwa ng'ambo ya kilima. Huko simu haikushika mtandao hata ukipanda nayo juu ya mti. Mgonjwa akizidiwa, ilibidi mtu akimbie hadi kileleni ndipo aite gari la wagonjwa. Hospitali kubwa ilikuwa na huduma ya setilaiti na ilikuwa tayari kuiunganisha zahanati, ila haikuwa na vifaa vya kuipa. Mama alisema vifaa anavyo.

Mwenyekiti wa kamati ya zahanati alikuwa mstaafu mmoja aliyeitwa Mzee Najua, kwa sababu hakuna jambo ambalo hakulijua. Alikubali shingo upande, tena kwa masharti. Alitoa siku tatu za majaribio. Vifaa vikifanya kazi vitabaki. Vikishindwa vitashushwa, na fundi asionekane tena pale.

Mama alikuwa na utaratibu wake wa kupima modemu zilizokwisha kutumika. Ndani ya vifaa vya namna hiyo kuna viungo vya risasi iliyoyeyushwa kuunganisha sehemu zake, ambavyo huchoka na kupasuka. Kifaa kikiwa baridi, viungo hugusana na kila kitu huenda vizuri. Kikipata joto, huachana na kifaa huzima. Kwa hiyo kila modemu aliiwasha, akaifunika blanketi zito, akaiacha saa mbili nzima "itoke jasho", kama alivyosema mwenyewe. Iliyovumilia aliichora alama ya chaki.

Siku iliyotangulia majaribio, mama alimwachia Chiriku modemu mbili zilizoonekana bora azipime, naye akaenda zahanati kusimika nguzo ya dishi. Chiriku aliwasha ya kwanza akaifunika. Hazikupita dakika tano, msusi akachungulia dirishani, akaliona lile blanketi.

"Pole, mwanangu," akasema. "Mgonjwa ameamkaje leo? Anakunywa uji?"

Wateja wake waliangua kicheko hadi kichana kikaanguka. Chiriku alilivuta blanketi kama mtu aliyefumaniwa. Taa ya kijani ilikuwa inawaka. Akaiwasha modemu ya pili, nayo ikawaka kijani. Akazichora chaki zote mbili, akaenda kuruka kamba. Jioni mama alipouliza kama zimepita, akajibu kwamba zimepita. Saa mbili kila moja? Saa mbili kila moja, mama. Alisema bila hata kupepesa macho, na akajiona mjanja, kama wanavyojiona waongo wote siku ya kwanza.

Asubuhi ya majaribio Sista aliongea na hospitali kubwa kana kwamba wako chumba kimoja. Saa sita mchana, bati la zahanati lilipokuwa limewaka jua na chumba kimekuwa kama tanuri, sauti ilikatika. Jioni ikarudi. Siku ya pili ikawa hivyo hivyo. Mama alipanda juu ya paa, akalisogeza dishi kiasi cha ukucha, akashuka, akabadilisha waya, akapanda tena. Modemu hakuishuku, maana ilikuwa na alama ya chaki. Chiriku alishika ngazi kwa mikono miwili. Alijua. Hakusema.

Siku ya tatu, saa saba mchana, mama alishuka akiwa na malengelenge viganjani kwa kushika bati la moto. Alisimama mbele ya Sista na Mzee Najua akiwa ameinamisha kichwa.

"Nisameheni," akasema. "Nadhani kazi hii siijui kama nilivyofikiri."

"Najua vyuma chakavu, fundi," Mzee Najua akamjibu. "Hata ukivipandisha juu ya paa vinabaki chakavu. Vishushe."

Hayo yalikuwa maneno ya Chiriku mwenyewe. Alikuwa ameyasema mwezi mzima, pale mlangoni, na ufagio mkononi. Sasa aliyasikia yakitoka kwenye mdomo wa mtu mzima asiyewahi kukaza skrubu hata moja, na yalinuka. Mama alikuwa ameshaokota spana. Chiriku akamvuta shati la kazi, akamnong'oneza.

Mama akaiweka spana chini.

"Niambie mbele yao," akasema. "Wao ndio niliowaomba msamaha."

Basi Chiriku akasema mbele yao. Dakika tano badala ya saa mbili, kwa kuogopa kicheko cha msusi. Chaki ya uongo. Siku tatu za kushika ngazi huku akijua. Mzee Najua alisema kwamba anajua, fundi akizaa huzaa fundi wa uongo. Hakuna aliyecheka. Mama aliomba saa mbili na mablanketi mawili, na Sista akayatoa kwenye vitanda vya wagonjwa bila kumuuliza mwenyekiti.

Waliwasha modemu zote mbili, ile iliyokuwa imefungwa na ile ya akiba iliyokuwa kwenye mkoba wa mama, wakazifunika mezani. Chiriku aliketi sakafuni na kuzitazama. Mzee Najua alikuwa anatazama saa yake kila baada ya muda mfupi, akiwa na matumaini mabaya. Dakika ya arobaini ile ya kwanza ikazima. Ya pili ilipata joto hadi haigusiki, na ikaendelea kuwaka. Zilipotimia saa mbili, mama akaifunga mahali pake, chumba kikiwa bado kinachoma. Sista akapiga.

"Zahanati ya ng'ambo ya kilima?" sauti ya mwanamume ikauliza. "Mchana huu? Mimi nilishazoea kwamba jua likipanda nanyi mmepotea."

Sista akamtajia dawa zilizokwisha, moja baada ya nyingine, polepole, kama mtu aliyefunga kwa muda mrefu na sasa ameletewa chakula. Mzee Najua akasema, "Najua," kisha akaacha kutazama saa yake. Dishi likabaki juu ya paa.

Njiani kurudi, walipofika kileleni, mama akasimama.

"Kuviita takataka hukuniudhi," akasema. "Macho ni yako. Lakini ukiidharau kazi, unaona si kitu kuifanyia uongo. Wewe ulimwona msusi peke yake. Mwisho wa waya ule kuna mama anayeumwa uchungu, na hakujui, na amekuamini. Kazi ifanye kwa ajili ya huyo. Anayecheka dirishani mwache acheke, hana analolitegemea kwako."

Akatoa ile modemu iliyozima, akamkabidhi.

"Kesho utaifungua wewe. Utakitafuta kiungo kilichopasuka."

Chiriku akauliza itachukua muda gani.

"Mpaka ukione," akasema mama, wakaanza kushuka.