Wakili Aliyeletwa na Mjomba

Romana alikuwa amezoea kula peke yake. Akifunga cherehani jioni, alivuta sahani, akala akiutazama ukuta wa chumba alichopanga. Tangu mitumba ijae sokoni Lindi, watu hawakushona tena nguo mpya. Walimletea suruali za kupunguza tu. Alichopata alimpa mjomba wake, Fidelis, ampelekee wakili.

Mumewe, Leonadi, alikwenda Dar es Salaam kufanya biashara, akaanza kuishi na mwanamke mwingine. Romana alidai talaka mahakamani, pamoja na sehemu yake ya nyumba waliyoijenga wote. Sasa ulikuwa mwaka wa pili. Kila kesi ilipotajwa, mjomba ndiye aliyekwenda.

"Mwanamke haanikwi mahakamani," alisema. Akirudi, jibu lilikuwa lile lile: "Imeahirishwa."

Siku moja jirani yake, Bi Mwahija, alileta gauni alilotaka libanwe. Bi Mwahija alikuwa amefundishwa kuwasaidia wanawake katika mambo ya sheria.

"Shikamoo, Bi Mwahija."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda? Unajipunguza na wewe, kama suruali za watu?"

Romana alicheka kidogo, kisha machozi yakamtoka. "Nataka kubadili wakili. Huyu ananila tu. Lakini kaletwa na mjomba. Nikimwacha, nimemvunjia mjomba heshima."

"Kubadili wakili ni haki yako. Kesi ni yako, si ya mjomba. Ila usikurupuke. Wakili mpya ataanza kuisoma kesi upya, na malipo yataanza upya. Huyu wa sasa umemuuliza nini?"

"Sijawahi kuonana naye."

Bi Mwahija aliweka gauni chini. "Basi nenda mwenyewe. Muulize kesi imefika wapi, na kinachoichelewesha ni nini. Akikujibu vizuri, baki naye. Akikuzungusha, mlipe kazi aliyokwisha kufanya, akukabidhi jalada lako, na mahakama ijulishwe. Hapo tafuta mwingine."

Kesho yake Romana alikwenda. Wakili alimtazama kwa mshangao.

"Wewe ndiye Romana? Nahitaji maelezo yako, na mashahidi wa ile nyumba. Bila hayo kesi haisogei. Mjomba wako kila mara ananiambia bado unafikiri."

"Ungeniita mimi," Romana alisema kwa sauti ndogo.

"Kweli. Ningekuita."

Romana alimkuta mjomba kibarazani kwake, akimenya mihogo. Alipomweleza, mzee aliinamisha kichwa.

"Mimi ndiye niliyekuozesha," alisema. "Kwetu ndoa ikivunjika, mjomba ndiye anayeulizwa. Nilidhani nikichelewesha, Leonadi atarudi."

"Hakurudi, mjomba. Na wakati wote huo ulipokuwa unamngoja, mimi nilikuwa peke yangu."

Mzee aliweka kisu chini.

Romana hakubadili wakili. Ila tangu siku ile alikwenda kwa wakili yeye mwenyewe. Mahakamani alieleza jinsi alivyochota maji ya kukandia udongo, na kuwapikia mafundi hadi nyumba ikaezekwa. Fundi mmoja, Valentini, alithibitisha. Ndoa ikavunjwa, na Romana akapewa nusu ya nyumba.

Nje, karani alimfuata mjomba, aliyekuwa amemsindikiza Romana. "Mzee, nakala ya hukumu ikiwa tayari, tukupe wewe?"

Mjomba alisogea kando.

"Muulize mwenyewe," alisema. "Huyu hapa."