Alama Mbili Kwenye Fomu ya Bima

Kila siku baada ya shule, msichana mmoja wa darasa la sita alivua viatu mlangoni, akanawa mikono hadi viwikoni, kisha akamsaidia mama yake kupanga mikate kwenye trei. Mama alikuwa mwokaji. Mikate ikishapoa, waliipakia kwenye gari lao kuukuu, lililong'olewa viti vya nyuma zamani, wakaisambaza madukani. Msichana huyo alikuwa na mwandiko mzuri, na karatasi zote za nyumbani alizijaza yeye, ndiyo maana mama alimwita Karani.

Alasiri moja binamu yake, binti wa shangazi, alimvuta mkono hadi uani kwao, nyumba ya pili. Gari la shangazi lilikuwa limerudi kutoka gereji.

"Pitisha kidole hapa," binamu alisema. "Unaona mkwaruzo?"

"Sioni."

"Na hutauona. Mama alilikwaruza getini mwenyewe, na bado tumetengenezewa. Sisi tuna bima kubwa. Nyinyi mna ndogo, eti? Basi, gari lenu likibonyea mtalinyoosha kwa pasi."

Karani alicheka kwa meno tu. Ndani, roho ilimchoma. Binamu alikuwa na begi jipya, alikuwa na baiskeli, na sasa hata bima yao ilikuwa kubwa. Siku nzima iliyofuata alilitazama gari lao kwa jicho baya, kama limemkosea.

Jioni yake wakala wa bima aliacha fomu, kwa kuwa bima ya gari lao ilikaribia kuisha. Mama, mikono ikiwa ndani ya unga, alisema, "Karani, nijazie. Andika kama mwaka jana."

Mwaka jana ilikuwa bima ndogo, gari la biashara. Karani akatia alama kwenye bima kubwa. Kisha akasoma kwamba bima kubwa ya gari la biashara ni ghali zaidi, akaogopa mama angekataa. Akatia alama ya pili: matumizi ya nyumbani. Mama alifuta vidole kwenye aproni, akasaini bila kusoma.

Siku mbili baadaye wakala alirudi kulikagua gari. Alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba. Alifungua mlango wa nyuma, akaona trei zimejaa.

"Dada, hapa umesema gari ni la nyumbani. Mikate yote hii mnakula wenyewe?"

Mama alicheka, kisha akaitazama fomu, na kicheko kikakatika. "Sikuandika hivi."

"Saini si yako?"

"Ni yangu."

"Basi aliyesema ni wewe. Siku mkipata ajali na mikate humu ndani, kampuni haitalipa, na atakayeitwa mwongo ni wewe."

Mama aliinamisha kichwa mbele ya mgeni. Karani hakuwahi kumwona hivyo.

"Niliandika mimi," alisema kwa sauti ndogo. "Mama hakusoma. Nilitaka tuwe na kubwa kama kina binamu."

Wakala alivaa miwani yake, akamtazama. "Sikiliza, mwanangu. Bima ndogo humlipa mtu mtakayemgonga. Kubwa hulipia na gari lenu pia, lakini kwa thamani yake ya siku hiyo. La shangazi yako ni jipya, linastahili. Hili limezeeka. Mngelipa ada kubwa kila mwaka, halafu siku ya ajali mpewe kidogo."

"Kwa hiyo ya mwaka jana ilitufaa?" mama aliuliza.

"Iliwafaa kabisa."

Wakala akatoa fomu mpya. Karani alimsogezea mama kalamu, lakini mama aliirudisha. "Jaza wewe. Safari hii nitasoma."

Karani alitia alama kwenye bima ndogo, midomo ameibana. Mama aliona.

"Hata mimi nikiliona gari la wifi yangu, roho huniuma," alisema. "Si kosa kutamani. Kosa ni kuuachia wivu kalamu, nao ukaandika uongo, nami nikausaini kwa uvivu wa kusoma. Chagua kinachokufaa wewe, mwanangu, na ukiseme kilivyo."

Kisha akaisoma fomu mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi, ndipo akasaini.