Kufuli ya Kibe

Peres alikuwa amekumbatia kompyuta yake, ameifunga kwa leso ya manjano, anapanda ngazi za jengo la maduka ya kompyuta pale Ngara, mtu aliyekuwa akishuka mbio alipompiga kikumbo. Aliinua uso amtukane. Akalimeza tusi. Alikuwa Kibe, tena amevaa shati la samawati alilonunuliwa na Peres mwenyewe.

"Sasa, Nyar Alego." Binti wa Alego, jina la mapenzi alilompa kwa Kijaluo.

"Usiniite hivyo."

"Ni wewe uliacha kushika simu."

Kweli aliacha, tangu Pasaka. Kibe alikuwa amemtembeza kila mahali, mpaka Parklands kula bhajia, isipokuwa kwa mama yake, kule Limuru. Kila akiuliza, jibu ni "tutaenda tu." Peres akajitafutia sababu: mtoto wa Limuru anamwonea aibu Mjaluo. Akafunga mlango wa nyumba yake ya Muthangari na asimfungulie tena. Lakini moyo haukukaa chini. Alichukia simu ikilia, na akachukia zaidi isipolia.

"Hiyo mashine imefanya nini?"

"Haileti apdeti! Ya dada yangu ni Linux hiyo hiyo, inapata kila wiki. Yangu inasema iko sawa. Nimebadilisha seva, nimeangalia nafasi kwa diski, wapi! Kernel ni ile ya mwaka jana, na haitambui maikrofoni yangu mpya. Nitarekodi aje matangazo ya redio?"

Kernel ni ule moyo wa mfumo, unaoiambia mashine ina masikio na mdomo. Kibe alijua hayo vizuri. Uso ulimbadilika.

"Nipe nikubebee."

"Nitabeba mwenyewe."

Alimfuata hata hivyo, hadi kwenye kibanda cha Wangui, anayeuza skrini na spika za mtumba. Wangui aliwaunganishia nyaya, akarudi kwenye njugu zake, masikio wazi.

"Andika amri ya kuonyesha vitu zimezuiwa," Kibe alisema. Hakutazama skrini.

Peres akaandika. Yakatokea majina ya kernel, yote yamefungwa yasiguswe.

"Nani alifunga hizi?"

"Ni mimi."

"Wewe?"

"Unakumbuka ile siku apdeti iliua sauti? Ulilia, Peres. Nikarudisha kernel ya zamani, ukanikumbatia. Nikaifunga, ndio isiwahi kukuliza tena."

"Bila kuniambia! Mashine yangu imekaa mwaka mzima bila ulinzi kwa sababu wewe uliogopa?"

"Ulikuwa umefurahi. Singetaka kuharibu."

Peres alimkazia macho. Kuna jambo lilianza kumkaa sawa kichwani, na halikumpendeza.

"Na mamako je?"

Kibe alikuna shingo. "Ni hivyo hivyo. Mum ana maneno yake kuhusu Wajaluo. Na sisi tulikuwa tunaenda vizuri. Nikasema wacha nisiguse kitu. Lakini kukuonea aibu? Hata siku moja, dear."

Hasira ilimpanda Peres, na nyuma yake furaha, asijue ashike ipi. Aligeukia kibodi, akaifungua kufuli. Kernel mpya ikaanza kushuka toka mtandaoni, naye akitingisha mguu chini ya meza.

"Na sauti ikipotea tena?"

"Ile ya zamani haifutiki. Ukiwasha, unaichagua kwa menyu."

"Ulijua hivyo na bado ukafunga?"

"Kwa mum hakuna menyu, Peres."

Peres aliizima mashine na kuiwasha upya. Skrini ikawa nyeusi.

"Mpigie. Sasa hivi. Weka spika."

Kibe akampigia mama yake.

"Kibe, umekula?"

"Mum, kuna msichana nataka kuleta nyumbani. Anaitwa Peres."

"Peres wa wapi?"

Kibe alimtazama Peres. Peres akainama kwenye simu.

"Wa Alego, mama. Kule Siaya."

Skrini bado nyeusi. Wangui aliacha kutafuna. Kidole cha Kibe kilienda kukata simu, Peres akakidaka.

"Siaya," mama alirudia. "Mko pamoja tangu lini?"

"Karibu miaka mbili," Kibe alijibu.

"Miaka mbili unanificha mtu, Kibe? Msichana, huyu alikuambia mimi huuma watu?"

"Hakuniambia kitu, mama."

"Hata mimi hakuniambia. Sisemi nimefurahi. Lakini maneno yangu nitakuambia ukiwa umekaa mbele yangu, na chai kwa mkono. Jumapili, baada ya kanisa. Wewe ukuje. Yeye akitaka, akuje." Akakata.

Skrini iliwaka. Peres alichomeka maikrofoni. Taa yake ya kijani ikawaka pia. Akamsogezea Kibe.

"Sema kitu."

Kibe aliinama. "Nisamehe, Nyar Alego," spika za Wangui zikanguruma, watu wakachungulia kutoka vibanda vya jirani.

Peres alijikaza asicheke.

"Rudia," alisema. "Sauti iko chini."