Neno Aliloliruka Vetia

Kila asubuhi Vetia alishuka ngazi za ghorofa nne, akajaza mtungi kwenye birika la njiapanda, akanunua mkate wa moto, kisha akaingia dukani kwa baba yake na kukaa kwenye kiti cha msomaji. Duka lenyewe lilikuwa la vitabu, katika mtaa wa Subura mjini Roma, na vitabu vya wakati huo vilikuwa magombo ya mafunjo yaliyoviringishwa kama mikeka. Msomaji husoma kwa sauti, waandishi watatu huandika anayoyasema, na gombo likifika mwisho zimepatikana nakala tatu. Zikitakiwa zaidi, mnaanza tena mwanzo.

Msomaji wa siku zote alikuwa baba yake, Vetio. Lakini kiangazi hicho koo lilimvimba, sauti ikakauka, akabaki ananong'ona tu. Basi kazi ikamwangukia Vetia, msichana wa miaka kumi na miwili. Siku ya kwanza alijiona mkubwa. Siku ya tatu aliona kiti kile kina miiba.

Kitabu alichokisoma kilieleza habari za jumba la Kaisari mmoja aliyekufa miaka thelathini nyuma. Aliyekitunga ni seneta mzee aitwaye Pakonio, na ndani yake mlikuwa na umbea wa kumtosha mtu mwaka mzima: nani alimroga nani, nani alipendwa kwa siri, mke wa Kaisari alimchukia nani na akamfanya nini. Wateja waliagiza nakala kumi na mbili. Maana yake Vetia alitakiwa kukisoma kitabu kile kile mara nne.

"Na huyu bwana naye," alilalamika Dama, mwandishi mkongwe mwenye macho mekundu, "kila mstari 'inasemekana'. Inasemekana hivi, inasemekana vile. Kidole kimeota sugu kwa neno moja."

"Wewe unaliandika tu, mzee," Vetia akajibu. "Mimi nalitamka mpaka ulimi unauma."

Mzunguko wa kwanza alisoma kila neno. Mzunguko wa pili, joto likiwa limejaa dukani na koo likimkwaruza, aliruka "inasemekana" moja bila hata kukusudia. Akasubiri. Hakuna aliyeinua kichwa. Sentensi ilikwenda sawasawa, tena ilikuwa fupi. Akaliruka la pili, na hilo alilikusudia. Siku hiyo walifunga kazi mapema, na Dama akamsifu kwamba sasa amekuwa msomaji. Tangu hapo Vetia hakulisoma neno lile tena. Alikuwa amechoka mno. Mdomo ulisoma, masikio yakalala.

Kwa hiyo hakuyasikia vizuri hata maneno haya, aliyoyasoma mara tatu nzima: "Kaisari aliuawa kwa peari zilizopikwa katika asali. Sumu aliitia mkewe, na sahani ilibebwa na msusi wake, mwanamke mwenye shoto."

Nakala moja kati ya hizo ilinunuliwa na Pansa, kinyozi wa kona ile. Pansa alikuwa na desturi ya kuwasomea wateja wanaongoja zamu, maana mtu aliyenogewa na hadithi halalamiki wembe ukiwa butu. Baada ya siku nne tu mtaa mzima ulikuwa na habari.

Vetia alizipata birikani, kwa rafiki yake Rufila.

"Shoga, bado unasukwa na yule bibi?"

"Bibi gani?"

"Bibi Eutikia. Acha kabisa. Atakutia sumu kwenye ngozi ya kichwa, uote vipele ufe. Dada yangu alikuwa asukwe naye siku ya harusi, mama amekataa katakata."

"Kwa nini?"

"Unaniuliza mimi, na kitabu mmekiandika nyinyi? Msusi mwenye shoto. Hapa mtaani msusi mwenye shoto ni nani? Mama anasema lisemwalo lipo, kama halipo linakuja."

Mtungi ulikwisha jaa, maji yakamwagikia miguu ya Vetia.

Bibi Eutikia alikaa chumba cha ghorofa ya tatu, chini ya kwao Vetia. Ujanani alikuwa mtumwa katika jumba la Kaisari, akimsuka mke wa Kaisari, mpaka alipoachwa huru. Sasa aliishi kwa kusuka maharusi wa Subura. Tangu mama yake Vetia afariki, yeye ndiye aliyemsuka Vetia pia, kila baada ya siku nane, na hajawahi kupokea hata zeituni moja kwa kazi hiyo.

Vetia alipopita mlangoni pake alimkuta anafunga nguo zake kwenye shuka. Alifunga polepole, kwa mikono iliyozoea kuhama.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Mwenye nyumba amenipa hadi mwisho wa mwezi. Anasema wapangaji hawataki kulala nyumba moja na mtia sumu." Akakaa juu ya furushi. "Sijui ninakwenda wapi, mjukuu wangu. Nimechoka hata kukasirika."

"Si uwaambie si kweli?"

"Niwaambie wangapi? Kitabu kimesema. Mimi ni mdomo mmoja, tena wa kizee."

Vetia alishika mtungi wake akaondoka. Alijua lile neno lilikuwepo, na alijua limekwenda wapi. Lakini alijua pia kwamba duka la vitabu huishi kwa jina lake. Ikijulikana kwamba kwa Vetio maneno yanarukwa, mtunzi gani ataleta kazi pale tena? Baba alikuwa mgonjwa, na Dama na wenzake walikula kwa duka lile. Mchana kutwa akili yake haikutulia. Waandishi walipotoka kwenda kunawa, alimwendea baba yake.

"Baba, mimi ndiye ninayemfukuza Bibi Eutikia."

Akaeleza yote. Vetio aliinuka. Alitoa rafuni nakala ya mzunguko wa kwanza na nakala ya mzunguko wa tatu, akazitandaza mezani sambamba, akaanza kuhesabu kwa kidole. Vetia alisimama pale akikifuata kidole hicho kwa macho.

"Mara thelathini na moja," baba alinong'ona mwishowe.

"Nilikuwa nimechoka, Baba."

"Najua. Nilikuona umechoka nikanyamaza, kwa sababu nilitaka kazi iishe. Sote wawili tumemkosea." Akajifuta jasho. "Kalete wino mwekundu."

Nakala sita zenye kosa zilikuwa bado dukani. Mbili Dama alizifuata kwa wateja ng'ambo ya mto, akinung'unika kwenda na kurudi. Neno likarudishwa juu ya kila mstari, jekundu, mtu asiweze kulikosa. Ikabaki moja, ile ya Pansa.

"Hiyo utaifuata mwenyewe," baba alisema. "Ulikosea kwa sauti, ukarekebishe kwa sauti."

"Na jina la duka?"

"Jina tutalijenga tena, mwanangu. Yule bibi ana miaka sabini. Chumba kingine atakipata lini?"

Kibanda cha Pansa kilikuwa wazi upande wa barabara. Wanaume wanne walikuwa wakingoja zamu, na kwenye kiti alikaa Bwana Lusko, mwenye nyumba, shavu moja limenyolewa na jingine bado. Mama yake Rufila alikuwa akipita na kikapu chake, akasimama kusikiliza.

"Kitabu chenu kina kosa," Vetia alisema. "Niliyekisoma kwa waandishi ni mimi, nikaruka neno. Naomba niwasomee kama mtunzi alivyoandika."

"Soma," Pansa akasema, "mradi sumu ibaki."

Vetia akasoma. "Inasemekana Kaisari aliuawa kwa peari zilizopikwa katika asali. Inasemekana sumu aliitia mkewe, na inasemekana sahani ilibebwa na msusi wake, mwanamke mwenye shoto."

Kinyozi akashusha wembe. "Inasemekana na nani?"

"Hakuandika."

"Mwenyewe alikuwepo?"

Dama, aliyemsindikiza Vetia, akajibu kabla yake. "Nani, Pakonio? Kaisari alimfukuza mjini ndugu wa Pakonio, na Pakonio mwenyewe akajificha shambani miaka kumi, anatazama mizabibu. Ndani ya jumba alipaonea wapi? Na mtu aliyefukuziwa nduguye, mazuri ya aliyemfukuza atayaandika kwa mkono gani?"

"Hata hivyo," Lusko alisema, "inasemekana siyo uongo. Pengine alibeba kweli."

"Nilibeba," sauti ilisema barabarani.

Bibi Eutikia alikuwa amesimama pale na furushi lake. Watu wakampisha, wengine wakarudi nyuma hatua moja.

"Nilibeba kwa mkono huu huu," alisema. "Kaisari alikuwa anaumwa tumbo mwaka mzima, amebaki mifupa, hawezi kula kitu kigumu. Mkewe akaagiza peari zipikwe. Zilinukia sana. Mimi nilikuwa sijala tangu asubuhi, na ukumbini hapakuwa na mtu. Nikaiba moja nikala." Akalitua furushi chini. "Mtumwa aliyeiba chakula cha Kaisari alikuwa anauawa, ndiyo maana sikusema. Baadaye nikaona haya tu, nikazidi kunyamaza. Lakini mtoto huyu amesimama akataja kosa lake mbele ya watu wazima. Nami nifiche peari moja mpaka kaburini? Niliila, mbegu na vyote. Mbona niko hapa?"

Pansa alianza kucheka, na wenzake wakafuata. "Ilikuwa tamu, Bibi?"

"Tamu, mwanangu. Ningejua maneno yatakuwa haya, ningeiba mbili."

Lusko hakucheka. Alitazama miguu yake, akasema chumba abaki nacho. Mama yake Rufila alipangapanga mikate kikapuni, kisha akasema kwamba harusi ni keshokutwa, na yule msusi mwingine anavuta nywele. Bibi Eutikia akamjibu atakuja. Mmoja hakuomba radhi, mwingine hakushukuru, lakini bibi harusi alisukwa, tena vizuri.

Si wote waliobadilika. Wapo walioendelea kuvuka barabara wakimwona. Seneta Pakonio naye alipopata habari, kitabu chake kilichofuata alikipeleka duka jingine. Vetio aliipokea habari hiyo, akaendelea kuchonga kalamu.

Siku ya kusukwa ilipofika, Vetia alikaa chini mbele ya magoti ya Bibi Eutikia. Baba yake alikuwepo, anakunywa maji ya moto yenye asali, na sauti ilikuwa imeanza kumrudia.

"Bibi, mke wa Kaisari alikuwa mwema?"

"Mwema? Alinichoma mkono kwa pini nilipokosea nywele. Kovu hili hapa. Lakini mumewe alipokufa nilimkuta amekaa sakafuni bila viatu, hataki kuguswa kichwa. Hayo Pakonio hakuyaona, na hata angeyaona, yasingemfaa."

"Sikiliza, mwanangu," Vetio alisema. "Ukisoma habari za watu, hasa waliokufa, wasioweza kujibu, uliza nani amesema, na alikuwa na chuki na nani. Na wewe ukizipokea, zipitishe kama ulivyozipata, usiongeze wala kupunguza. Kuchoka kila mtu anachoka, hata mimi. Hakumpi mtu ruhusa."

Vetia akakubali kwa kichwa, Bibi akamwambia atulie. Alitulia kidogo, kisha akauliza alilokuwa analificha tangu siku ile kwa kinyozi.

"Lakini yule mke alimwua Kaisari, Bibi, au hakumwua? Labda kwa njia nyingine?"

Ule mkono wa kushoto ukasimama. "Sijui."

"Si ulikuwa ndani?"

"Nilikuwa ndani, na sijui. Hilo nalo ni neno, Vetia, tena ni fupi kuliko inasemekana. Hata uchoke namna gani, usiliruke." Akamgeuza kichwa taratibu, akaendelea kusuka.