King'ora Nilichokitaka Mimi

Cherehani yangu iko dirishani, na dirisha linatazama barabara. Nashona sare za shule. Gari likipita, mguu wangu unasimama wenyewe, nasikiliza. Magari mengine ni kelele tu. La mwanangu nalijua tangu kwenye kona.

Mwanangu huyu ni kifungua mimba wangu. Tunamwita Chiriku kwa maneno yake mengi. Ni mkunga, na kituo chake ni mbali. Kwa basi ni kubadilisha magari mara tatu, akifika anageuza. Ndiyo maana alijinyima akanunua gari jipya. Kila Jumamosi alikuja, na nyumba ilijaa sauti yake mpaka Jumapili mchana.

Lakini mimi ni mtu wa hofu. Niliposikia gari limeibwa mtaa wa pili, usingizi ulinipaa.

"Mwanangu, tia king'ora."

"Mama, gari si mbuzi. Hakuna atakayelifungua kamba."

"Mbuzi angalau hulia akiibwa!"

Alicheka. "Haya mama. Tia, ili ulale."

Nikamwita fundi wa redio wa hapa mtaani. Alikata nyaya chini ya usukani, akaziunga na za king'ora, akazungushia utepe mweusi.

"Mama, hata mimi niliyekifunga king'ora, gari nikilisogelea litanizomea," alisema.

Kweli lilizomea. Hata paka akipita, linazomea. Nami nikalala.

Jumapili ya tatu Chiriku alijaribu kuwasha gari aondoke. Halikuwaka. Harufu ya kuungua ilitoka chini ya usukani. Aliangalia saa. Wajawazito hawangoji. Akabeba mkoba, akakimbilia basi.

"Jumamosi, mama!"

Jumamosi hakuja. Wala iliyofuata. Simu zake zikawa fupi. "Nimechoka, mama. Yale mabasi siyawezi." Chiriku wangu, maneno mawili tu!

Gari lake lilibaki uani. Gari lipo, mwenyewe hayupo. Kila jioni niliingia nikakaa kiti cha pembeni, ninapokaa akinipeleka sokoni. Mtandio wake ulikuwa kiti cha nyuma, bado unanukia mafuta yake ya nywele. Niliupakata. Nilimwogopa mwizi asituchukulie gari. Hofu yangu ikanichukulia mwana.

Fundi wa redio alikuja na wazo. "Naking'oa king'ora, nazirudisha nyaya. Mlipeleke kwa kampuni, mseme limezima lenyewe. Si bado lina waranti? Watatengeneza bure."

Nilikubali. Nilikuwa tayari kusema lolote, mradi mwanangu aje.

Jioni hiyo jirani yangu alinikuta garini. Yeye hupokea magari kwenye karakana moja mjini.

"Jirani, umehamia humu? Kodi unamlipa nani?"

Nilitaka kucheka, nikalia. Nikamweleza yote, hata wazo la fundi.

"Usithubutu," alisema. "Utepe utabanduka, lakini waya uliokatwa unaonekana. Wakikushika na uongo, hata ukweli wako hawatauamini."

"Hiyo waranti yenyewe ni nini hasa?"

"Ni ahadi ya maandishi. Kampuni inasema: kitu kikiharibika kwa kosa letu la kuunda gari, tutatengeneza bure, kwa muda fulani. Sasa kosa la fundi wako wa redio litakuwaje lao?"

"Basi waranti yote imekufa."

"Nani kasema? Kitabu chake kiko wapi?"

Kilikuwa kwenye kisanduku cha mbele, bado kwenye nailoni. Hatukuwahi kukifungua. Mimi niliishia shule ya msingi, nasoma kwa kidole. Nikasoma: "Waranti haihusu uharibifu uliosababishwa na kifaa kilichoongezwa bila idhini."

"Rudia hapo, uliosababishwa," alisema jirani. "Kilichounguzwa na king'ora si chao. Kisichoguswa na king'ora bado ni chao." Akainama. "Na haya mafuta je?"

Chini ya gari palikuwa na doa jeusi. Sikuwa nimeliona.

"Giaboksi inavuja," alisema. "King'ora hakijafika huko. Nenda, sema ukweli. Wakikataa kitu, omba sababu kwa maandishi."

Chiriku aliniandikia barua niende kwa niaba yake. Gari likavutwa mpaka karakana ya kampuni. Bwana mmoja wa mapokezi aliinua utepe kwa kalamu.

"Gari limechezewa. Waranti hakuna, mama."

Nikamkumbuka mwanangu kwenye foleni ya basi.

"Baba, kilichoungua ni kosa langu, mimi ndiye niliyetaka king'ora. Lakini giaboksi nayo imekatwa waya? Kama mnakataa, niandikie sababu."

Alinitazama. Akachukua kitabu, akaingia ndani. Nilisubiri hata kiti kikapata joto.

"Giaboksi tutatengeneza bure," alisema aliporudi. "Kompyuta ya gari iliungua kwa sababu ya nyaya. Hiyo mtalipia."

Ilituuma, lakini ilikuwa haki. Na kompyuta mpya ilichelewa kufika. Jumamosi mbili nyingine zilipita bila Chiriku.

Siku ile, kabla ya kuondoka karakana, nilimuuliza yule bwana, "Na mwizi je?"

"Weka kufuli la usukani. Halikati waya. Au chagua king'ora tunachokiidhinisha, tukifunge sisi, tukupe karatasi."

Nikachagua kufuli. Karatasi nikaiomba vilevile. Alicheka, akaandika.

Mama mwenzangu, na wewe baba unayesoma, nakuonya. Iwe king'ora, taa kali, redio au magurudumu makubwa, usiongeze kitu kwenye gari jipya kabla ya kusoma kitabu chake. Masharti ya kampuni hayafanani. Uliza kwanza, na jibu lao liwe kwenye karatasi. Itunze.

Gari lilipopona, Chiriku alikuja kwa basi kulichukua akageuza, hata chai hakumaliza. Nikaanza tena kungoja.

Jumamosi nilikuwa nashona kola. Kitu kikanguruma kwenye kona. Mguu ukasimama. Sikusikia king'ora. Nilisikia kufuli, klak, kisha mlango wa gari.

"Mama! Hodi! Hebu nikusimulie, leo kituoni mapacha, tena wa kwanza katoka anapiga chafya..."

Alikuwa bado uani. Maneno yake yalishaingia ndani.