Petali za Mkono wa Kushoto

Haya yalimkuta shoga yangu Zuhura, kule Mchinga.

Jirani yake, marehemu Bi Mwanaheri, aliacha kitambaa cha kuoshea vyombo chenye umbo la ua, alichokuwa akimfumia bintiye Mwanaidi kwa ajili ya harusi. Kilifika nusu tu.

"Mama mdogo, nimalizie," Mwanaidi alimwomba Zuhura. "Ila petali za mama usizifumue."

Sasa marehemu alikuwa wa mkono wa kushoto, na petali zake zililalia huko. Harusi ilikuwa kesho yake, na Zuhura alitaka wanawake waisifu kazi yake peke yake, Mungu amsamehe.

"Kwani nani atajua?" alijisemea, akazifumua zote, akafuma ua zima kwa mkono wake wa kulia.

Magharibi umeme ukakatika. Akaacha kitambaa mkekani, kando ya kopo la uzi, akasimama kuswali gizani. Mara akasikia, ubavuni kwake kushoto, kopo la uzi likizunguka, na sindano ya kroshia ikigonga kucha, tik, tik, tik, kama ya mtu aliyechelewa. Alitoa salamu ya kulia. Ya kushoto ilimshinda.

Taa zikawaka. Petali zote zimelalia kushoto. Ya mwisho ilikuwa haijaisha, na uzi ulikuwa bado unavutwa, taratibu, kutoka koponi.