Kutoka Arica Hadi Punta Arenas

"Yaritza? Umefikaje huku?"

"Kwa ndege. Wewe si fundi wa ndege? Unauliza nini?"

Upepo wa Punta Arenas nusura umwangushe mlangoni. Alfajiri alikuwa Arica, jangwani, kaskazini kabisa mwa Chile, na blauzi yake nyepesi. Akapanda ndege ya kwanza, akasota Santiago kusubiri ya pili, na jioni hii yuko kusini kabisa. Karibu kilomita elfu nne, nchi ni ileile, ila meno yanagongana.

Danko akamvuta ndani, akataka kumkumbatia. Yaritza akamzuia kwa kiganja.

"Kwanza nijibu. Miaka mitatu unaniambia kampuni haijapata nafasi Arica. Ni kweli?"

"Kweli, mpenzi. Ikipatikana tu..."

"Danko! Jana nilikupigia, akapokea mwenzako wa kazini. Akaniambia, 'Shemeji, huyu mchumba wako mbona anakataa uhamisho? Hii ni mara ya pili.'"

Danko akavuta kiti, akakaa.

"Kama hunitaki, sema. Nimevuka nchi nzima uniambie ukinitazama, maana kwenye simu unajua kuremba."

"Nakutaka, Yari. Haki ya Mungu."

"Basi kuna nani?"

"Baba." Akashusha sauti. "Macho yake yanafifia, na tangu mama afariki hana mwingine. Amezaliwa hapa, nitamng'oaje? Na wewe una shamba lako la nyanya. Nikuambie uache jua uje kuganda huku? Nikaona nivute siku."

"Ukavuta na zangu! Ungeniambia ningelia, kisha tungepanga. Sasa nimelia peke yangu, na hatujapanga kitu."

Danko akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Nisamehe. Niliogopa utaniacha."

Jikoni mtu akakohoa. Mzee Evaristo, baba yake Danko, akatokea akipapasa ukuta.

"Huyo ndiye wa Arica?"

"Ndiye, baba. Samahani kwa kelele."

"Kelele zenu zimenifaa. Danko, uliniuliza lini kama nataka kuhama?"

"Baba, si umezaliwa hapa..."

"Nimezaliwa, ndiyo. Nani kakwambia naupenda huu upepo? Miaka sabini unanisukuma barabarani kama mlevi! Eti binti, huko kwenu mvua hainyeshi?"

"Hata tone, mzee."

"Na huyu bwege alininyamazia!"

"Lakini mama kazikwa hapa," Danko akasema polepole.

Mzee akapapasa kiti, akakaa.

"Nitamuaga. Atanielewa. Kila baridi ikianza yeye ndiye aliyekuwa akinisihi tuhame."

Yaritza alijikuta anacheka na machozi yanamtoka. Akamgeukia Danko.

"Usidhani umeponea hapo. Kesho unampigia bosi wako, mimi nimesimama hapahapa."

Asubuhi Danko akapiga. Bosi akafoka mpaka Yaritza akamsikia: "Nafasi bado ipo! Ukiikataa tena, usinijue!"

"Siikatai, bosi. Naondoka hata wiki ijayo."

Sasa Yaritza ndiye aliyemkumbatia, kwa nguvu. Simu yake ikalia mfukoni. Ujumbe wa mama yake: "Mbona kimya? Umeshamwacha huyo mwongo?"

Akajibu huku kichwa kimeegemea kifua cha Danko: "Mama, tandika vitanda viwili. Narudi naye, na baba yake."